Miaka Mitatu Hadi Mitano

Watu wa Masurubi husema Abednego Marwa anasoma maji, na hawasemi kwa mzaha. Kila asubuhi jua likianza kuchomoza hushuka bondeni mpaka kwenye banio, pale kijito cha Nyakirima kinapozuiwa na ukuta mfupi wa zege ili maji yaingie kwenye bomba na kuserereka hadi mjini. Kando ya ukuta umesimikwa ubao mweupe wenye mistari na namba, mfano wa rula kubwa ya shule. Abednego huchuchumaa, huitazama namba, huiandika kwenye daftari, halafu huituma ofisi ya maji ya bonde kwa ujumbe wa simu. Kwa namba hiyo ndipo wanaofungua na kufunga maji mjini huamua mgao wa wiki uweje.

Amezaliwa bonde hilo hilo, miaka hamsini na mitatu iliyopita. Ujanani alichimba dhahabu pamoja na wageni waliotoka Geita na Shinyanga, mpaka siku kifusi kilipomfunika rafiki yake Mabula mbele ya macho yake. Baada ya mazishi hakurudi shimoni. Alianzisha kitalu cha miche ya mikaratusi nyuma ya nyumba yake, akawa anaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka kaya kwa kaya, hata Susuni na Nyamwaga. "Panda leo," aliwaambia watu. "Mti huu hauna deni na mvua. Ukigeuka mara mbili una nguzo."

Walipanda. Walipanda mgongoni mwa kilima, wakateremka nayo mteremko mzima, wakamaliza mpaka ukingoni mwa kijito, kwenye matete na mikuyu ya zamani. Matete yalifyekwa, mikuyu ikageuzwa mkaa. Kwa hiyo mtu akiuliza nani aliupanda msitu wa Nyakirima, jibu la kweli ni kwamba wenye mashamba waliupanda kwa mikono na Abednego akaupanda kwa mdomo.

Miaka ilipita. Mji ulinenepa kwa watu wa machimbo, na kijito kikakonda. Mwaka ubao ulipowekwa, maji ya kiangazi yalisimama kwenye ishirini na nne. Mwaka ambao kisa hiki kinaanzia yalikuwa kumi na moja, na mjini yalitoka siku mbili kwa wiki. Akina mama walipanga madumu bombani tangu alfajiri, na ugomvi haukuisha.

Ndipo alipokuja Huruma, mtaalamu wa ofisi ya bonde, binti mpole anayezungumza taratibu. Alitembea kijito chote na Abednego kwa siku mbili, akihesabu mikaratusi iliyosimama karibu na maji. Siku ya pili aliketi juu ya jiwe akasema, "Mzee, mizizi hii inakunywa mchana kutwa, mwaka mzima. Ile ya mgongoni mwa kilima haina shida, ibaki. Lakini mita sitini kila upande wa kijito inabidi itoke, tupande miti ya asili inayotunza maji."

Abednego aliitikia kwa kichwa. Alitaka kumwambia nani aliyeileta miche, akashindwa.

Wazee waliitisha ritongo, mkutano wa ukoo, maana mambo ya ardhi hayaamuliwi ofisini peke yake. Huruma alizungumza Kiswahili. Wazee wengi walikuwa wanakielewa nusunusu tu, wakasema jambo zito kama hili wanataka kulisikia kwa Kikurya, na Abednego akasimama kutafsiri. Alitafsiri vizuri, neno kwa neno, mpaka mzee mmoja alipouliza, "Tukikata, maji yatarudi lini?"

Huruma alijibu, "Sitaki kuwadanganya. Yanaweza kuchukua miaka mitatu hadi mitano. Na mvua zikiwa mbaya, inaweza kuzidi hapo."

Abednego alitazama zile nyuso. Aliona mikono iliyofumbatwa juu ya fimbo, akaona midomo iliyokwisha kujiandaa kukataa. Akafikiri: nikiwapa miaka mitano, hapa hatakata mtu. Akafungua kinywa, akasema kwa Kikurya, "Anasema yatarudi. Mvua mbili tu, mtayaona."

Mkutano ulinong'ona. Kisha akasimama bibi Gati, mjane ambaye shamba lake ndilo lililokuwa karibu zaidi na banio. Alikuwa na mikaratusi mia moja na arobaini pale, bado michanga kwa nguzo, aliyoitunza ili amjengee nyumba binti yake Nice aliyerudi nyumbani na watoto.

"Abednego aliniambia nipande, nikapanda, ikaota," alisema. "Kama ni yeye anayesema mvua mbili, anzeni na yangu."

Baada ya Gati, nani tena angekataa? Nyangwine peke yake alibaki kakaa na kofia yake usoni. Mzee huyu alikuwa na shamba kubwa kuliko wote. Mwishowe naye aliinua mkono, taratibu, huku akimtazama Abednego.

Ilikatwa mwezi mzima. Misumeno ilipiga kelele tangu asubuhi, na miti ikawa inalala mmoja mmoja. Ya Gati iliondoka kama kuni, maana haikufaa kitu kingine. Mteremko ulibaki uchi, visiki vimesimama vyeupe kama meno. Makubaliano yalisema kila mwenye shamba atang'oa machipukizi ya visiki vyake kila baada ya miezi mitatu, na Abednego atakagua.

Mvua za vuli zilikuja, zikanyesha siku tisa, zikakatika. Masika nayo ilipita upesi kama mgeni aliyesahau kitu nyumbani. Julai ubao ulisoma kumi, na Agosti nane. Abednego alianza kuamka kabla ya jogoo, akilala chali na kujiambia pengine leo, pengine leo. Septemba ilipoingia maji yalisimama kwenye saba.

Nyangwine alimkuta njiani. "Mura," alimwita, jinsi Mkurya anavyomwita mwanamume mwenzake. "Mvua mbili zimepita. Mimi nazijua kuhesabu."

"Nimeona, tata," alijibu Abednego, kwa heshima ya mtoto kwa baba.

"Umeona. Haya."

Akaenda zake. Lakini kilichomtesa Abednego zaidi kilikuwa bibi Gati, kwa sababu yeye hakulaumu. Kila walipokutana alimwitikia shikamoo yake vilevile, akamuuliza hali ya mkewe Teresia, akampa ndizi mbivu za kupeleka nyumbani. Abednego alizipokea kwa mikono miwili na zikamwia nzito kama mawe. Tangu ile vuli ilipokatika alikuwa akizunguka na njia ya juu, ndefu, ili asipite uani kwake. Njia hiyo haikupita mteremkoni kwenye visiki pia, na ukaguzi ukalala. Angewezaje kuwaambia watu wang'oe hiki au kile, ilhali neno lake la kwanza halijatimia? Mwenyewe alisema atakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi.

Teresia aliona. "Unakula kama unauhurumia ugali," alimwambia. "Una nini?"

"Joto tu."

Asubuhi moja alichuchumaa mbele ya ubao, akaona saba, na kalamu ikaandika tisa. Hakupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na baada ya kwenda akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Alituma ujumbe. Siku nzima alingoja aulizwe, hakuna aliyeuliza. Kesho yake hakuweza kurudi saba, kwa maana maji hayashuki hivyo usiku mmoja, akaandika tisa tena. Siku ya tano aliandika kumi.

Siku ya sita simu iliita. Alikuwa Huruma, na sauti yake ilijaa kicheko.

"Shikamoo mzee! Maji yanapanda, na mvua haijanyesha! Hata mimi sikutegemea mapema hivi. Jumatano ninakuja na mkuu wangu. Waite wananchi wote tukutane pale pale banioni, waone wenyewe kazi ya mikono yao."

"Marahaba, mwanangu," alisema Abednego. "Karibuni." Simu ilipokatika alibaki ameishika sikioni.

Ilikuwa Jumapili. Alishuka bondeni na mawazo ya kitoto kabisa: kwamba akipanga mawe juu ya ukuta wa banio, maji yatajaa kidogo nyuma yake na ubao utasoma kumi kweli, walau kwa siku moja. Alianza kutafuta mawe mteremkoni. Aliokota moja, la pili, na alipoinuka na la tatu akakuta uso wake umeingia kwenye majani.

Yalikuwa majani ya mkaratusi, yale machanga ya kijivu yanayonuka dawa ya kifua. Alirudi nyuma akatazama. Kila kisiki kilikuwa kimetoa machipukizi, kumi hapa, kumi na tano pale, mengine yamempita kimo. Yalishuka ukingo mzima mpaka majini, naye kila asubuhi alikuwa akitazama ubao tu. Mwaka mzima visiki vile vilikuwa vinakunywa, na penye mti mmoja sasa palikuwa na kichaka. Vya Nyangwine vilikuwa vimechipua, vya jirani yake Yona vimechipua, na vya Gati navyo vilikuwa vimechipua.

Mawe yalimdondoka. Alikaa chini kwenye kivuli cha machipukizi, kama alivyokaa siku ile ya kifusi.

Jioni alimweleza Teresia yote mawili, namba na tafsiri. Teresia aliacha kupepeta mtama.

"Kwa hiyo yule binti hakusema mvua mbili?"

"Alisema miaka mitatu hadi mitano."

Teresia aliweka ungo chini. "Watu watakufanya nini Jumatano, sijui. Lakini Gati asilisikie pale mbele za watu. Nenda kwake kabla."

Jumatatu hakwenda. Jumanne asubuhi alifika uani kwa Gati, akamkuta anamenya mihogo na Nice. Alikataa kiti, akasema amesimama vizuri. Alisema neno la Huruma kama lilivyokuwa, kisha neno lake yeye.

Gati aliendelea kumenya mpaka muhogo ule ukaisha.

"Ungeniambia miaka mitano," alisema hatimaye, "labda ningekata. Mjini kuna wajukuu zangu, nao wanakunywa maji yale yale. Au labda ningekataa. Sijui. Wewe ndiye umefanya nisijue." Alichukua muhogo mwingine. "Nenda nyumbani, Abednego."

Safari hii hakupewa ndizi.

Jumatano watu walijaa ukingoni mwa kijito, hata akina mama kutoka mjini walikuja na ndoo zao. Huruma alishuka kwenye gari akitabasamu, mkuu wake nyuma yake, akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Aliinama. Akainama zaidi. Kisha akafungua karatasi zake, akatazama karatasi, akatazama ubao.

"Mzee Abednego," aliita kwa sauti ya chini. "Hapa ni saba."

"Ni saba," alisema Abednego. "Siku hizi zote haijafika kumi."

Kisha akageukia watu kabla hajapoa moyo. Aliyasema kwa Kiswahili kwanza, ili binti asikie. Akarudia kwa Kikurya, bila kupunguza neno hata moja: miaka mitatu hadi mitano, na mvua zikiwa mbaya inaweza kuzidi. Akasema kwamba namba za wiki iliyopita na hii aliziandika yeye na hazikuwa za maji. Akasema kwamba alipaswa kukagua machipukizi, akaogopa, hakukagua.

Kelele ilipanda. Mtu alisema afungwe. Mwingine alisema alipe miti yote. Huruma hakupiga kelele, lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na alipozungumza watu walitulia.

"Mzee, unajua namba zako zinakwenda wapi? Mjini walipoona kumi, wakaongeza siku ya tatu ya mgao. Tenki likaisha juzi. Zahanati jana imeshinda bila maji. Wauguzi wamebebewa madumu kwa bodaboda, na kuna mama aliyekuwa anajifungua."

Abednego hakuwa na habari. "Mama huyo?" aliuliza.

"Ni mzima. Na mtoto. Lakini si sisi tuliofanya wawe wazima."

Hapo ndipo Nyangwine alipoivua kofia yake na kusimama. "Mimi nimeishi Musoma miaka kumi na miwili," alisema. "Kiswahili nakijua. Siku ya ritongo nilimsikia binti kwa masikio yangu akisema miaka mitatu hadi mitano, nikamsikia na huyu akisema mvua mbili. Nilijua kwamba anadanganya tangu siku ile."

Watu walimgeukia. "Na hukusema?" aliuliza mtu.

"Nilinyamaza. Nikasema, aubebe mzigo wake, tuone ataufikisha wapi."

Gati alikuwa ameketi mbele, khanga imemfunika mabega. Hakusimama. "Basi mlikuwa wawili," alisema.

Nyangwine aliirudisha kofia kichwani, akakaa.

Mkutano ule uliendelea mpaka jua likawa utosini. Waliokuwa wanataka Abednego afukuzwe walikuwa wengi, na mkuu wa Huruma alikuwa upande wao. Kilichomwokoa hakikuwa huruma ya mtu. Hakukuwa na mwingine aliyejua kila kisiki ni cha nani na kila chemchemi inatokea wapi, na kiangazi kilikuwa katikati. Waliamua kwamba ubao usisomwe tena na mtu mmoja. Utasomwa na wawili, na wote wawili watatia sahihi. Wa pili, wakasema wanawake wa mjini wakiongozwa na Elieth, mwenyekiti wa kamati ya maji, awe yule aliyejua akanyamaza. Nyangwine alilalamika kwamba magoti yanamuuma, wakamwambia atembee polepole.

Siku ya tatu kazi ilianza upya. Machipukizi yalikatwa, visiki vikabanduliwa magome kwa panga mpaka chini ya ardhi, vikafunikwa udongo. Abednego alianza na visiki vya Gati, na hakuruhusu mtu amsaidie pale. Ilimchukua siku nane, viganja vikatoka malengelenge yakapasuka. Gati alipita mara moja na ndoo kichwani, akamtazama, akapita. Vuli ilipoanza walipanda mikuyu na mizambarau karibu na maji, na ukingoni kabisa wakarudishia matete.

Kisha wakangoja, na kungoja huku kulikuwa kubaya kuliko kule kwa kwanza, kwa sababu sasa kila mtu alijua muda wake. Mwaka uliofuata kiangazi kilisoma nane. Nane ni zaidi ya saba, lakini masika ilikuwa nzuri, na Huruma alikataa kuisifu. "Mwaka mmoja si ushahidi," aliandika. Abednego aliusoma ujumbe huo mara kadhaa, kwa Kiswahili kimoyomoyo na kwa Kikurya kwa sauti, mbele ya Nyangwine.

Wazee wale wawili hawakupatana upesi. Miezi ya kwanza walishuka bondeni bila kuzungumza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Baadaye wakaanza kubishana, na hiyo ilikuwa nafuu. Nyangwine macho yake ya mbali yalikuwa mazuri, ya karibu yalikuwa mabovu, kila mara aliona namba kubwa kuliko iliyopo. "Wewe ndiye uliyekuwa unaongeza," alimwambia Abednego siku moja, "na mimi ndiye ninayeongezewa na macho. Twende na ya chini." Wakawa wanaandika ya chini.

Gati alipanda mikaratusi mingine mgongoni mwa kilima, mbali na maji, kwenye eneo kavu ambalo Huruma alilikubali. Abednego ndiye aliyempimia nafasi kati ya mche na mche. Nyumba ya Nice imechelewa, na huenda Gati asiione ikikamilika, hilo wote wanalijua na hakuna anayelitamka. Shikamoo ya Abednego anaiitikia. Ila jambo lolote akimwambia, hata kama ni la mvua tu, humwambia alirudie, na Abednego hulirudia.

Mwaka huu, wa tatu, Septemba imefungua na kumi na mbili. Mjini maji yanatoka siku tatu. Watu wa machimbo wameleta barua wakiomba bomba lao, na kamati imekaa mara mbili bila jibu. Abednego akiisikia barua hiyo hulifungua tena daftari, kwa sababu kumi na mbili anaijua ni ndogo kiasi gani, na hajui kama imeletwa na miti au na mvua.

Wakishatia sahihi, yeye na Nyangwine hawarudi nyumbani moja kwa moja. Hupanda mteremko na mapanga, kisiki kwa kisiki, kwani mkaratusi ni mti unaokufa kwa shingo upande. Juzi walikuta chipukizi kwenye kisiki kimoja cha Yona, halijafika urefu wa kidole. Nyangwine aliinama kwa shida, akalikata, akakwangua gome pale lilipotokea. Abednego alisema imetosha, wakashuka. Lakini kesho yake alirudi peke yake kukitazama tena.